Baba Mkwe na Koki ya Kompyuta

Jumatatu, 3 Februari

Kompyuta imezima tena. Mara ya tatu tangu asubuhi. Nimefungua ubavu wa kasha, nimepuliza vumbi, nimeielekezea feni ya sebuleni. Inakwenda dakika ishirini, inazima. Joto la Same mwezi huu halina adabu. Feni inapuliza hewa ya moto juu ya kitu cha moto.

Kazi yenyewe haisubiri. Mchora ramani mmoja wa Moshi anataka filamu ya dakika nne ya bweni la wasichana ambalo bado halijajengwa. Mtu ajione anaingia mlangoni, anapita koridoni, anatokea uani. Wazazi wa shule wataonyeshwa mkutanoni. Mwisho ni Ijumaa tarehe 28, saa sita mchana. Nimeahidi. Mdomo wangu huu.

Baba mkwe yuko nje kwenye benchi. Ameniomba ruhusa ya kulisogeza kivulini. Ruhusa! Benchi lililonunuliwa na mwanawe wa kumzaa. Nimemwambia asogeze tu, nikarudi ndani na hasira ambayo sijui ni ya nini.

Jumatano, 5 Februari

Nimeamua. Maji.

Nimeagiza Dar vifaa vya kupozea kompyuta kwa maji, vingine vipya, vingine vya mtumba. Kanuni yake nyepesi. Maji yanapita juu ya prosesa, yanabeba joto, yanakwenda kwenye rejeta, feni inayapoza, yanarudi. Kama gari. Nimeona kwenye video tu, sijawahi kuunganisha. Maji na umeme ndani ya kasha moja, na kazi ya watu humo humo. Shughuli ipo.

Baba ana wiki ya tano hapa. Alianguka shambani kwake Mamba, kule milimani, kwenye tangawizi, akalala chini mpaka jirani alipopita saa sita mchana. Tangu Mama mkwe atutoke alikuwa anakula mara moja kwa siku, ndizi za kuchemsha, tena amesimama. Mume wangu Eliamani alipanda akamteremsha karibu kwa nguvu. Hapa anakula, mguu umepona. Na anashukuru. Chai, asante. Maji ya kuoga, asante. Akikohoa anaomba radhi. Amemwambia mwanawe kwamba mwezi huu ukiisha anarudi kwake.

Sitaki aondoke. Naandika hapa kwa sababu kumwambia siwezi. Mkwe ni mkwe. Maneno yetu mimi na yeye ni shikamoo, marahaba, karibu chakula. Akirudi kule peke yake ataisha taratibu, na hakuna atakayeona.

Jumamosi, 8 Februari

Eliamani kaja kutoka Kihurio, viatu vimejaa tope la mpunga. Wiki nzima yuko na wakulima wake kule, nyumbani ni Jumamosi na Jumapili. Nimemwambia azungumze na baba yake. Kazungumza. Jibu ni lilelile: amekaa vya kutosha, asije akatuchosha.

Eliamani anasema tatizo ni mikono. Kwa miaka zaidi ya thelathini Baba ndiye aliyekuwa mwangalizi wa ndiva ya kijiji, lile bwawa la mlimani linalokusanya maji ya mfereji kabla ya kugawiwa mashambani. Hakuna aliyemwagilia bila yeye. Hapa kazi yake ni benchi. Mpe kazi, anasema Eliamani.

Nimpe kazi gani? Nimtume mkwe wangu sokoni akaninunulie nyanya? Wanaume wana maneno mepesi.

Jumanne, 11 Februari

Mzigo umefika stendi. Nimeufungulia mezani. Rejeta ndefu, pembe moja imepinda. Pampu ndogo, inaenea kiganjani. Tangi la plastiki ngumu, unaona ndani. Bloku ya shaba ya kukaa juu ya prosesa, inang'aa mpaka raha. Mita mbili za mpira. Viungio mfuko mzima. Na koki moja yenye mkono mwekundu, niliyoiongeza mwenyewe ili siku nikitaka kutoa pampu nisimwage maji yote.

Baba amesimama mlangoni. Hajawahi kuingia chumba hiki changu cha kazi. Nimemkaribisha, akaingia kama anaingia ofisi ya mkuu wa wilaya. Ameangalia vyote, mikono nyuma. Kisha akaichukua koki. Akafungua, akafunga, akafungua. Akapuliza ndani yake. Akairudisha palepale, akasema asante, akatoka.

Jumatano, 12 Februari

Kutwa nzima nimebana skurubu. Nimefuta prosesa, nimepaka pesti mpya ya kupitisha joto, nimekalisha bloku. Skurubu zake unakaza kwa kupishana, kona hii kisha kona ya mbali, vinginevyo inakaa upande. Mpira wa kwanza nimeukata mfupi. Wa pili pia. Nimejitukana kwa sauti, halafu nikakumbuka nani yuko mlangoni.

Rejeta nimeiweka juu ya kasha. Tangi chini kabisa, ndiko kwenye nafasi. Pampu kwenye kirafu katikati. Inapendeza. Nimeipiga picha nikamtumia Eliamani.

Baba alikuwa kwenye kiti mlangoni mchana kutwa. Kimya. Ila alikuwa amekunja uso, nikadhani mguu unamuuma.

Alhamisi, 13 Februari

Nimechemka.

Nimejaza maji kidogo ya majaribio, nikawasha pampu peke yake, kompyuta yenyewe imezimwa. Pampu inalia kavu. Maji hayapandi. Nimezima haraka, maana pampu ikizunguka bila maji inakufa. Nimejaribu mara tatu. Nimetikisa, nimebana, nimebembeleza. Hakuna.

Ndipo Baba akakohoa. Akaomba radhi kwa kukohoa. Kisha akasema, "Mama Neema, samahani, naomba kuuliza. Maji yako yamekaa chini, na kinachoyavuta kiko juu. Yatafikaje?"

Nikatazama. Mtoto wa darasa la tatu angeona. Tangi linatakiwa kuwa juu ya pampu, maji yajishukie yenyewe, pampu isukume tu. Nikamuuliza kama aliliona hili tangu jana. Akasema aliliona. Basi mbona hukusema, Baba? Akatazama chini, akasema si nyumba yake.

Pampu nimeisahau saa hiyohiyo. 

Ijumaa, 14 Februari

Tumehamisha tangi. Naandika "tumehamisha" kwa sababu mikono miwili haikutosha. Baba alishika tangi juu, mimi nikafunga skurubu chini. Vichwa vyetu viwili ndani ya kasha moja. Mama yangu mzazi angeona angenivuta sikio. Mwenyewe naona haya nikiandika. Lakini tangi limekaa. Koki iko chini yake, mkono wake mwekundu umetokeza ubavuni. Baba ndiye aliyechagua uelekee wapi.

Halafu tukagombana kwa adabu kuhusu maji. Ya bombani hayafai, yana chumvi, mtu akitazama birika letu ataelewa. Nikamwonyesha maji ya betri niliyonunua kituo cha mafuta, yale yaliyosafishwa, siyo asidi. Akaomba aonje. Akaonja. "Hayana kitu," akasema, kwa huzuni. Akaenda chumbani akarudi na kidumu. Maji ya chemchemi ya kwao Mamba. Kumbe alikuja nayo, na alikuwa anayanywa kidogo kidogo kwa siri.

Maji ya chemchemi yana madini na vijidudu vyake, baada ya mwezi ungeota ukijani kwenye bloku. Ningemwambiaje? Nimeyasifia, nikayatumia kusuuza rejeta, ambayo kweli ilihitaji. Yalitoka meusi, yakatoka ya kahawia, yakatoka meupe. Baba akatabasamu mpaka nikaona pengo la jino ambalo sikuwahi kujua analo. Kisha tukajaza ya betri.

Jumamosi, 15 Februari

Siku ya kupima uvujaji. Pampu inazunguka mchana kutwa, kompyuta imezimwa, chini ya kila kiungio kuna tishu. Tishu ikilowa, tumejua pa kukaza. Ni kazi ya kukaa na kutazama tu.

Nikapiga moyo konde. Nikasema, Baba, naomba uniangalizie.

Ameingiza kiti ndani. Hakwenda kulala mchana. Chai amenywea pale, ugali amelia pale. Eliamani kafika saa kumi, akamkuta baba yake amepiga goti na tochi, anakagua tishu moja moja kama mkaguzi wa shule. Akaja jikoni akacheka mpaka akashika meza. Kisha akafuta macho. 

Jumapili, 16 Februari

Baba hakwenda ibadani. Mzee wa kanisa wa miaka yote, hakwenda ibadani! Sadaka amempa Neema apeleke. Neema amefika na bahasha akimtangazia kila mtu kwamba Babu yake analinda maji.

Tumerudi tukamkuta amesimama mlangoni anatusubiri. Tone moja. Kwenye kiungio cha rejeta, upande ule wa pembe iliyopinda. Mimi asubuhi nilipapitishia kidole mara mbili nikaona pakavu. Nimefungua, mpira mdogo wa duara ndani umejikunja. Nimebadilisha. Baba amehesabu saa upya kuanzia pale, amekataa katakata tuwashe kompyuta leo. Kwa upole, lakini amekataa. Nimefurahi kukataliwa.

Jumatatu, 17 Februari

Imewaka. Inapoa. Ila ndani inagugumia kama tumbo la mtu mwenye njaa, na joto linapanda na kushuka. Hewa. Imekaa kwenye rejeta na haitoki.

Baba akasema mabomba ya kule kwao hufanya hivyo hivyo yakipita mgongo wa kilima. Hewa hukaa pa juu, ukipaachia njia inatoka. Akanielekeza niinamishe kasha kushoto, polepole, kona yenye bomba la kutokea iwe juu. Nikainamisha. Povu kubwa likapita kwenye mpira, likaibukia kwenye tangi, likapasuka. Kisha jingine. Kisha kimya.

Digrii hamsini na nane, kazi nzito ikiendelea. Zamani ilikuwa inapita tisini kisha inazima. Nimepiga makofi peke yangu. Baba amekaa akitazama maji yakizunguka kwenye tangi, muda mrefu.

Jumatano, 19 Februari

Kazi inakwenda. Bweni lina paa, lina madirisha, lina mti uani ambao mteja hakuuomba.

Baba sasa anaingia chumbani bila kubisha. Anakaa, anatazama tangi, anaongea. Mimi nachora, nasikiliza. Leo amenieleza ndiva. Jioni anaziba, usiku mfereji unaijaza, alfajiri anazibua, kila shamba lina zamu yake. Mimi mtoto wa Same mjini, maji nimeyajua kwenye ndoo na bili. Nimemuuliza kama hakuwahi kuchelewa kuziba hata siku moja. Akanitazama kama nimemuuliza kama aliwahi kwenda kanisani uchi.

Jumamosi, 22 Februari

Wiki nzima hajataja kuondoka. Mimi pia sijataja. Eliamani alitaka kumuuliza, nikamkanyaga mguu chini ya meza. Liache lilale.

Jumanne, 25 Februari

Kila kitu tayari. Leo saa tisa alasiri nimeanza kurenda, yaani kompyuta sasa inachora filamu nzima yenyewe, picha baada ya picha, kwa ubora wa juu. Itachukua kama saa thelathini. Itamaliza kesho usiku, Alhamisi nakagua, Ijumaa natuma. Nimepanga vizuri mpaka najishangaa.

Nimefunga mlango wa studio, bila ufunguo, ili Neema asichezee. Sikumweleza mtu kitu. Mashine yenyewe inaonekana inafanya kazi, kuna haja gani?

Jumatano, 26 Februari

Imezima.

Nimeikuta saa kumi na mbili asubuhi, kimya, kasha la moto. Nimegusa mpira, wa moto. Nimeshika koki. Imefungwa.

Nilikuwa bado nimeishika Baba alipoingia. Shikamoo, marahaba. Akasogea karibu, akashusha sauti. Jana jioni ulisahau kufunga, akasema. Nikakufungia. Usiwe na wasiwasi, sijamwambia mtu.

Macho yake yalikuwa yanang'aa. Usiku mwingine wote mashine huwa nimeizima, maji yamesimama; jana aliyakuta yanakimbia. Kule kwao anayeacha ndiva wazi usiku anatozwa faini mbele ya watu wote, na aibu yake inakaa. Kumbe miaka yote ile, mtu akisahau zamu yake ya kuziba mchepuko wa mfereji, Baba alikuwa anakwenda kuziba mwenyewe na kunyamaza. Amenifanyia mimi hivyohivyo. Amenifichia aibu.

Nikasema asante, Baba. Nikaenda jikoni nikauma kanga.

Saa mbili nikampigia mchora ramani. Nilikuwa uani, nimepandwa, sauti juu. Nikasema kazi ya usiku kucha imepotea, kuna mtu kaifunga koki. Nikasema, hajui anachofanya, nimwambieje na ni mkwe? Nikageuka. Baba alikuwa nyuma ya ukuta, anaanika shati lake.

Aliinama akaokota kibanio kilichoanguka. Akaendelea kuanika.

Niandike na kosa langu, maana si yake yote. Niliiweka filamu itoke kama faili moja. Ningeitoa picha moja moja, kila mtu wa kazi hii anajua, ningepoteza dakika tu, ningeendelea pale ilipokatikia. Uvivu wangu. Na mlango nilioufunga bila kueleza mtu.

Mchana nimetoa pampu kuikagua. Nzima, sauti tu imekwaruza. Nimeirudisha, hewa imeingia. Nimeinamisha kasha, inagugumia bado. Nimeanza upya, picha moja moja, kwa ubora wa chini. Baba hakuja kukaa.

Alhamisi, 27 Februari

Ameondoka.

Kitanda kimetandikwa, shuka zimekunjwa pembe kwa pembe. Neema anasema Babu alimuaga kabla ya kwenda shule, akamwambia asiniamshe, Mama amechoka. Gari la kwanza la milimani. Mtu anayeshukuru maji ya kuoga ameondoka bila kuniaga. Hivyo ndivyo nilivyomwumiza.

Nimelia. Eliamani kwenye simu akasema nimwache kwanza. Nimemkatia simu. Nimempigia tena kuomba msamaha. Siku mbaya.

Joto linapanda, hewa haijatoka. Kila saa mbili nazima, nasubiri, nawasha.

Ijumaa, 28 Februari

Nimetuma saa tano na robo. Vivuli vimekwaruzika, dirisha moja linapepesa. Mteja amesema inatosha, wazazi hawatatazama dirisha. Zamani ningeruka. Nimekaa kwenye kiti cha Baba mlangoni nikamenya karanga na sikuzila.

Jumamosi, 1 Machi

Nimetoka Mamba. Eliamani alitaka twende wote, nikakataa. Aliyekosea ni mimi.

Huko juu baridi, ukungu, tangawizi imestawi kando ya njia kama vile hakuna dunia nyingine. Nimemkuta jikoni kwake. Amesimama, anakula ndizi za kuchemsha kwenye sufuria.

Nimepiga goti nikamwamkia. Nikasema, Baba, nilisema vibaya, nisamehe. Akasema hapana, yeye ndiye aliyetaka kuniharibia kazi, akashukuru kwa ukarimu wa wiki zote. Nikasema kosa lilikuwa langu, nikamweleza habari ya faili moja. Akatikisa kichwa kwa adabu. Nikaona haamini. Anadhani mkwe wake anampamba. Kila neno zuri nililotoa, yeye alitoa zuri zaidi, na kila moja lilitusukuma mbali. Nikachoka na adabu.

Nikasema tu, "Baba, hewa imekaa kwenye rejeta tangu Jumatano. Nimeinamisha, imekataa."

Akaacha kutafuna. Akauliza nimeinamisha upande gani. Nikasema kulia, kwa sababu pampu nimeirudisha na mpira umegeuka.

"Kulia," akasema. Akafumba macho. Akaweka sufuria chini, akavuta kigoda, akakaa. Akataka nimchoree kwenye vumbi mpira unatoka wapi na kuingia wapi. Nikachora kwa kijiti. Akafuta kwa kiganja, akachora upya. Tukakaa pale mpaka ukungu ukaondoka.

Mwisho akasema atakuja kuitoa. Siku mbili tu. Nikasema siku mbili zinatosha, Baba. Nilisema uongo.

Jumatatu, 3 Machi

Hewa imetoka. Dakika kumi. Kushoto, kisha nyuma, kisha gonga rejeta kwa kifundo cha kidole. Mimi niliihangaikia siku nne.

Kisha nikafanya nilichotakiwa kufanya mwanzo. Nikamkalisha nikamweleza kila kitu, kama ninavyomweleza fundi mwenzangu. Kwamba maji haya ni yaleyale, hayaongezeki usiku. Kwamba hakuna shamba la chini. Kwamba koki ikifungwa mashine ikiwa inafanya kazi, maji yanasimama, prosesa inaungua. Nimemweleza pia kwamba kuna kazi zinakwenda mpaka asubuhi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, haipumziki? Nikasema haina haja. Akasema hata ng'ombe wa Wamasai wanalala. Akauliza, na wewe unapumzika lini?

 Ni kweli, mwezi mzima nimelala nikisikiliza feni.

Tumekubaliana. Kazi zinagawanywa, zinakwenda mchana tu. Saa kumi na mbili jioni nazima mashine, yeye anafunga koki. Asubuhi anafungua, ndipo nawasha. Nikamwambia ukweli, Baba, mashine ikiwa imezimwa, kufunga koki si lazima. Akasema, "Najua. Ila mtu akiifunga, na wewe utaondoka humo chumbani."

Jumatano, 5 Machi

Leo ni Jumatano ya Majivu. Tumekwenda ibadani wote. Siku mbili zimekwisha. Sijauliza. Yeye pia hajasema. Mchora ramani kapiga simu, wazazi wamelipenda bweni, kuna zahanati inataka filamu kama ile. Nimemwambia muda utakuwa mrefu kidogo kuliko zamani, hapa tunafanya kazi mchana.

Jumatano, 12 Machi

Mvua ya kwanza imepita, fupi, vumbi limetulia. Zahanati ina kuta tu.

Mchana nilitua kikombe cha chai juu ya kasha. Nimefanya hivyo miaka yote. Baba akaingia, akaona. Akapaza sauti, jirani akatokeza kichwa ukutani. Mama Neema! Mtu mzima na akili zako! Chai, juu ya mashine! Tumehangaika na tone moja siku mbili, wewe unaleta kikombe kizima! Na hizi karatasi nani atazikusanya? Kwani humu ndani hakuna anayesikia?

Nimesimama nimeshika kikombe, nimeinamisha kichwa. Neema amekimbilia uani kucheka. Baba ameondoka akibamiza mlango, akarudi, akachukua kikombe mkononi mwangu, akaenda nacho jikoni mwenyewe.

Jioni amefunga koki, amekula, amesema mboga imezidi chumvi. Ameenda kulala.

Nimeionja baadaye. Kweli imezidi. Kesho nitapunguza.